Petali Saba za Fundi Min

Agosti 21

Naliomba radhi daftari hili. Ukurasa wake wa mwisho una tarehe ya Machi, nao unasema tu kwamba barafu ya mtoni imeanza kuvunjika. Tangu siku hiyo sikuugua wala sikusafiri. Nilikaa kimya kwa sababu niliona kwamba yote niliyokuwa nayo ya kuandika nilikwisha kuyaandika miaka mingine, na sikupenda kujirudia.

Leo ninalo jambo. Mvua imenyesha siku ya tisa mfululizo, na ukuta wa sitara wa msikiti wetu umeinama.

Ukuta huo unasimama mbele ya lango ili mpita njia asione ua wa ndani. Fundi Min aliuchonga miaka arobaini iliyopita, mwaka ule msikiti ulipofunguliwa tena, nami nilikuwa mwanafunzi wake. Katikati yake kuna ua la peoni, nene na lenye petali zilizosongamana, lililochongwa katika matofali kumi na sita ya kijivu. Hapa mjini kwetu Hezhou hakuna ashikaye patasi ambaye hajasimama mbele ya ua lile. Wanafunzi wangu wote nimewasimamisha pale, mmoja mmoja, nikawaambia maneno yale yale: patasi ya Fundi Min haikuteleza hata mara moja; ua hili halina kiraka; katika karakana yangu kinachovunjika hutupwa, na kazi huanza upya.

Haji Xian, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alikuja alasiri na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Mzee Tuo, ukuta umeinama kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni."

"Nimeuona."

"Basi uushushe, utie nambari kila tofali, uusimamishe kwenye msingi mpya kabla ya Maulidi. Nani mwingine nimwambie?"

Hakuna mwingine. Nilikubali.

Agosti 25

Tumeanza. Nimemchukua Bai Youcai, mwashi wa mtaa wa juu, mtu wa miaka hamsini. Ulimi wake hauna adabu lakini mikono yake inayo. Tumeondoa vigae vya kofia ya ukuta, yaani paa lake dogo.

Septemba 2

Mvua. Hatukufanya kazi.

Septemba 3

Mvua.

Septemba 8

Matofali ya pembeni yameshuka yote bila kupasuka hata moja. Bai aliniuliza kama ni kweli kwamba nilimfukuza binti yangu kwa sababu ya kikonyo cha mzabibu wa kuchongwa. Nilimjibu kwamba Sulan alivunja kikonyo, akakigandisha kwa rojo la vumbi la tofali, akanyamaza. Na kwamba si kikonyo kilichonikasirisha.

"Na vifaa vyake ukavitupa nje ya lango, watu wakiona?"

"Niliviweka nje ya lango."

"Viliwekwa kwa kurushwa," alisema Bai, akaendelea kugonga.

Hilo ni jambo la miaka saba iliyopita. Sulan anaishi Lanzhou, mji mkubwa. Nasikia anatengeneza masanamu marefu kuliko mtu, ya matofali: anayapanga yakiwa mabichi, anayachonga yangali laini, anayabomoa, anayachoma, kisha anayajenga tena. Kwetu hiyo huitwa kazi ya kukanda. Mchongaji huchonga tofali lililokwisha kuchomwa, ambalo halisamehe. Sijayaona masanamu hayo.

Septemba 11

Nitaandika polepole.

Jana tulishusha ua la peoni. Tuliyalaza matofali kumi na sita uani, uso juu, tukayafunika kwa turubai. Usiku upepo ulifunua turubai, mvua ikayanyea. Kwa miaka arobaini kofia ya vigae ililikinga ua lile. Naamini jana ndiyo mara ya kwanza maji ya mvua kulifikia. Asubuhi jua lilitoka. Matofali yakaanza kukauka na kurudia rangi yake ya majivu. Sehemu nyingine hazikukauka.

Bai ndiye aliyeona kwanza. Alisimama na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mzee, kabichi yako ina mabaka."

"Usiliite kabichi."

"Sawa, siliiti. Lakini lina mabaka. Njoo uone mwenyewe."

Nilipiga magoti. Petali saba zilikuwa na weusi wa unyevu, kila moja ikiwa na mpaka wake mwembamba kama uzi. Tofali hunyonya maji na kuyatoa upesi, rojo hukawia. Nilipitisha ukucha juu ya mpaka mmoja, nikahisi ukingo ulioinuka. Nimelitazama ua hili maelfu ya mara. Nimelisifia mbele ya wageni kutoka mbali. Petali saba, zote za katikati, zote zimezibwa.

Bai aliniangalia usoni, akanipa kikombe chake.

Septemba 12

Nilifanya jambo nisilopaswa kulifanya. Nilitia ncha ya kisu chini ya kiraka kimoja ili nijue ni kitu gani. Kiraka kilibanduka chote, na viwili vya jirani vikakifuata. Ndani, mahali palipogandishwa, pana tabaka la rangi ya hudhurungi inayokaribia wekundu.

Fundi Min alipokuwa kijana alifanya kazi miaka minne mikoa ya mashariki, katika nyumba za matajiri wasio Waislamu. Mafundi wa huko huziba tofali kwa vumbi lake na damu ya nguruwe. Kila mwenye kazi hii anajua hivyo.

Sijala tangu asubuhi.

Septemba 14

Nilimweleza Haji Xian. Niliona kwamba kunyamaza ni kusema uongo, nami sikutaka kusema uongo mbele ya msikiti. Tulikuwa sisi wawili tu, uani.

"Unasema nini wewe?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nasema ninaloliogopa. Sijasema kwamba ninalijua."

"Watu wamepita mbele ya ua lile kwenda kusali miaka arobaini. Baba yangu alipita. Jeneza lake lilipita."

"Ninajua, Haji."

"Hujui. Ungejua usingeniletea neno hili bila ushahidi."

Alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua, na sijui nani aliyesema. Wazee wawili waliyafunika matofali kwa magunia kama watu wanaofunika maiti. Bai alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akasema hatayagusa tena mpaka aambiwe na imamu. Imamu alinijia baada ya swala ya alasiri, akasimama wima, hakuketi.

"Dhana si ushahidi, Mzee Tuo. Mke wa Fundi Min yu hai. Kwa nini hukuanza kwake?"

Kazi imesimamishwa. Haji Xian amesema kwamba ikiwa ni kweli, ua litasagwa na kutupwa mtoni, na jina la Fundi Min litafutwa kwenye ubao wa lango.

Septemba 16

Mvua. Nilitoka kwenda kwa Bibi Min, mjane wa Fundi, ng'ambo ya mto; nilifika hadi darajani, nikarudi.

Septemba 18

Leo nilivuka. Bibi Min ana miaka tisini na mmoja, anaishi kwa mjukuu wake, macho yake yamefunikwa na utando lakini masikio ni mazima. Alinitambua kwa hatua. Alimwagiza mke wa mjukuu alete chai yenye tende na sukari ya mawe, na mikate ya kukaanga, kisha akamwambia atuache.

"Nimesikia umekuja kunusa chungu changu," alisema.

"Bibi, sikuja kwa ubaya."

"Umekuja kwa kuchelewa. Keti."

Niliketi. Nilimwuliza kama Fundi aliwahi kuziba tofali.

"Aliziba. Nani asiyeziba? Tofali ni udongo."

"Kwa kitu gani, Bibi?"

"Kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe wa Idd. Nilichemsha mwenyewe siku mbili, nikachuja kwa mtandio wangu, nikamtilia chokaa na vumbi. Mtandio ule haukufaa tena. Hiyo damu yenu mnayoizungumzia huko ng'ambo, mwambie huyo Haji aje aninuse mimi mikono."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikachukua kikombe. Ningalimaliza chai yangu na kuondoka hapo, ningalikuwa mtu mwenye furaha.

Lakini nilimwuliza kwa nini patasi ya Fundi iliteleza mara saba katika ua moja.

Bibi Min aliniuliza, "Tuo, siku ile washenga wako walipokwenda kuposa, nani alikuwa juu ya tanuri?"

Lazima nieleze hapa, ili atakayesoma asibahatishe. Matofali ya kuchongwa hupata rangi yake ya kijivu kwa maji. Moto ukishazimwa, tanuri huzibwa, na juu yake humiminwa maji kidogo kidogo kwa siku nne, usiku na mchana, yashuke kama jasho. Ukiyaharakisha, tofali hupasuka ndani kwa ndani, ufa usioonekana kwa macho. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na zamu ya maji ilikuwa yangu. Washenga wangu walikuwa wanaondoka adhuhuri, nami nilitaka kusimama nao. Nilimimina maji ya siku mbili kwa asubuhi moja, nikashuka, nikanawa uso, nikaenda. Tanuri lilipofunguliwa matofali yalikuwa na rangi nzuri. Fundi aliyatazama, akasema, "Vema." Niliamini kwamba Mungu amenisitiri, nikasahau.

"Aliyagonga moja moja," alisema Bibi Min. "Unajua tofali zima linavyolia. Yale yalilia kama chungu kibovu. Alikuja nyumbani akaketi hapo ulipoketi. Makaa ya mawe yalikuwa ya mgao, hakuna tanuri la pili mpaka mwaka ujao. Nikamwambia, 'Mwambie kijana alichofanya.' Akasema, 'Nikimwambia leo, hatashika patasi tena. Ana mkono mzuri.' Basi akachagua yaliyo afadhali, akachonga. Petali zikawa zinamwangukia mapajani."

"Nilikuwa wapi mimi?"

"Alikutuma chokaa, kule mlimani. Siku kumi na moja. Ulirudi ukijivuna kwamba umeaminiwa na safari."

Ni kweli. Nilijivuna. Nimewasimulia wanafunzi wangu safari ile ya chokaa kama mfano wa uaminifu.

Sikumbuki nilivyoaga. Nilijikuta darajani nikiwa nimeshika mkate wa kukaanga ambao sikuuma.

Septemba 19

Siwezi.

Septemba 21

Nimejiuliza siku tatu: ni lini Fundi Min alisema kwamba kilichovunjika hutupwa? Nimepekua kila mwaka niliokaa naye. Alisema tunoe patasi kabla ya alfajiri. Alisema tusichonge kitu chenye roho. Alisema tusile vitunguu saumu siku ya Ijumaa. Hilo la kutupa hakulisema. Nililitunga mimi baada ya kifo chake, nikalitia kinywani mwake, na kwa hilo nikamfukuza mwanangu.

Septemba 24

Mbele ya kamati yote, baada ya swala ya adhuhuri, nilisimama nikaeleza mambo mawili: kwamba gundi ni ya ng'ombe wa Idd na Bibi Min yuko tayari kuapa, na kwamba aliyevunja petali saba ni mimi. Nilieleza zamu ya maji kwa tarehe na saa.

Haji Xian alivua miwani yake.

"Kwa hiyo neno ulilonitia kichwani siku kumi, nikaota baba yangu akinawa miguu na haitakati, lilikuwa kosa lako mwenyewe likikurudia?"

"Ndiyo, Haji."

"Na ulikwenda kumshuku maiti kabla ya kujishuku."

"Ndiyo."

"Mimi nilisema jina lake lifutwe," alisema, kisha akaketi na kuendelea kuifuta miwani ile ile.

Bai alikuwa mlangoni. Tulipotoka aliniambia, "Basi Mzee, aliyevunja ndiye aliyekuwa anafukuza watu kwa kuvunja." Alitembea nami hadi nyumbani, hatua moja nyuma, ingawa kwake ni upande mwingine.

Kamati inataka kujua la kufanya na ua. Petali tatu nilizozibandua zimevunjika vipande. Nne zilizobaki zinalegea. Haji Xian amependekeza nichonge peoni mpya. Nilisema hapana kabla hajamaliza. Nikichonga mpya, ukuta utakuwa wangu, na kosa langu litakuwa limenipatia ukuta wa Fundi Min. Lazima la zamani lizibwe. Katika karakana yangu hakuna ajuaye kuziba. Nilihakikisha hivyo mwenyewe kwa miaka thelathini.

Septemba 27

Nilimpigia Sulan simu. Namba niliipata kwa Bai, ambaye, kumbe, huongea naye kila Idd.

"Nani?"

"Baba yako."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nahitaji mtu anayejua kuziba."

Aliniambia nirudie, maana simu ilikuwa na mikwaruzo. Haikuwa na mikwaruzo. Nilirudia. Nikamweleza yote, kuanzia juu ya tanuri.

"Baba," alisema mwishoni, "umeshika ukuta? Shika ukuta, unapumua vibaya."

Septemba 30

Hajasema kama atakuja. Mvua nyepesi.

Oktoba 3

Amekuja kwa basi la asubuhi, na mkoba mmoja. Nywele zimeanza kuwa nyeupe chini ya mtandio. Nilipomfukuza zilikuwa nyeusi zote. Vidole vyake vimejaa makovu ya udongo wa moto. Alinisalimia kama mtu asalimiavyo mwalimu wa zamani, akaenda moja kwa moja uani, akaondoa magunia. Alilala kifudifudi, shavu karibu na tofali, akipuliza vumbi.

"Huyu mzee alikuwa hodari," alisema. "Tazama hapa. Petali ilianguka, akaigeuza na kuirudisha kwa upande wa pili ili mkatiko ufuate mshipa. Mimi nisingefikiria hivyo."

"Unaweza?"

"Naweza."

"Kwa namna isiyoonekana?"

Aliketi, akafuta mikono.

"Hapo ndipo tuelewane, Baba. Yeye alificha. Alikuwa na sababu, alikuwa anamficha mtu. Sasa mimi nimfiche nani? Kwenye kazi zangu kila mahali palipopasuka naziba kwa rojo jeupe kidogo. Palipopasuka pajulikane. Nitafanya hivyo au sifanyi."

"Kwenye ukuta wa msikiti, mishipa myeupe katikati ya ua? Kila mtoto atauliza nani alivunja."

"Atauliza, ndiyo."

"Nami nakaa hatua arobaini kutoka pale."

"Najua unapokaa, Baba. Niliondoka hapo."

Alitoa simu yake, akanionyesha sanamu moja ambayo sasa imesimama katika bustani huko Lanzhou. Ni kama blanketi lililokunjwa na mtu aliyeondoka mapema, lakini ni matofali, mamia, na kila mkunjo unapita kutoka tofali hadi tofali bila kukosea. Mishipa myeupe inapita humo kama mito kwenye ramani. Nilitafuta kosa. Nimetumia maisha yangu yote kutafuta makosa katika matofali. Nilimrudishia simu bila kuliona hata moja.

Oktoba 5

Nilidhani kamati itanitoa katika mashaka. Nilipeleka rai mbili, ya kuficha na ya kuonyesha, nikaomba waamue. Wajumbe walibishana kutoka adhuhuri hadi alasiri. Mmoja alisema ukuta wenye makovu ni aibu kwa wageni wa Maulidi. Mwingine alisema mkewe ana mshono tumboni na hajamwacha. Mwisho Haji Xian aligonga meza.

"Ukuta ni wa msikiti, lakini kovu hili lina mwenyewe. Mzee Tuo, uamue wewe. Tuletee jibu, sisi tutalifuata."

Nilipinga. Nilisema mshtakiwa hapewi kiti cha hakimu.

"Umewahukumu wenzako miaka thelathini bila kuombwa," alisema. "Leo umeombwa."

Sulan alikuwa akisubiri kivulini. Alipoona uso wangu alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike, akainamisha kichwa ili nisione.

Oktoba 6

Gundi huhitaji siku nane kushika, matofali siku mbili kurudishwa ukutani, na Maulidi ni tarehe kumi na tisa. Kwa hiyo mwisho wangu ni tarehe tisa.

Leo Sulan amekanda rojo la aina mbili, akapaka kila moja kwenye kipande cha tofali bovu na kuviweka dirishani mwa karakana. La kwanza amelitia masizi ili lifanane na kijivu chetu. La pili ameliacha na weupe wake. Ameniambia nisiyahukumu yangali mabichi, kwa sababu rojo bichi hudanganya. Yatakuwa makavu keshokutwa.

Nimepita dirishani mara sita. Bai amenihesabia na kunitangazia. Si rangi ninayoiangalia. Namwona mtoto nisiyemjua amesimama mbele ya ukuta, akiuliza nani alivunja, nami nikiwa hai, nimeketi kwenye benchi, nikiwa na jibu la neno moja: mimi. Mbele ya kamati nililitamka kwa sababu nilikuwa nimesimama na nimejiandaa. Sijui kama naweza kulitamka nikiwa nimeketi, siku ya kawaida, kila siku, mpaka nife. Fundi Min alijua kwamba siwezi. Alinijua vema nilipokuwa na miaka ishirini na sita. Kama angali sahihi hadi leo, hilo sijui.

Sulan ameniuliza nitakula nini jioni, kisha akapika bila kungoja jibu.

Sitaandika kesho, maana nitakuwa najidanganya tu kwa wino. Rojo likikauka nitachagua, na siku hiyo hiyo nitaandika hapa nililochagua, liwe la kunificha au la kunitaja.